Mama Panya na Siku ya Kupimwa

Ndugu, jirani na marafiki mliotukimbilia, familia imenituma mimi, kitinda mimba, nisome maisha ya dada yetu mkubwa, nami nitasoma ingawa nina hasira naye.

Dada alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa mpiga chapa na mkunga, akaanza shule mwaka 1968, akahitimu biolojia chuo kikuu mwaka 1985, na mwaka uliofuata akaajiriwa katika maabara iliyotafuta dawa ya Parkinson, ugonjwa unaowatetemesha watu na kuwakaza viungo.

Kazi yake ilikuwa kupima mwendo wa panya walioharibiwa ubongo upande mmoja ili wafanane na wagonjwa, akiwaweka juu ya gogo dogo linalozunguka, na ndiyo maana watoto wa mtaani walimwita Mama Panya, jina alilolipenda kuliko cheo chake. Ila aliona jambo lililomkosesha raha, kwamba panya mwenye hofu hukimbia juu ya gogo kama mzima, akirudi kizimbani huburuta mguu, hivyo dawa inasifiwa kwa kazi iliyofanywa na woga, akawasihi wakubwa zake panya apimwe kizimbani mwake, anapokula na kujikuna, wakasema hiyo inachelewesha kazi, mwisho wakanunua kamera ya kufunga juu ya vizimba, ikakaa kwenye boksi ikisubiri fundi, na dada akastaafu tarehe 30 Juni 2021 fundi bado yuko njiani.

Alifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1990 na seremala aliyeitwa maabara kuchonga ubao mwembamba wa kutembezea panya, akauchonga, ukakataliwa, akaurudisha, ukakataliwa tena, mpaka shemeji akaelewa kwamba kasoro haiko kwenye ubao. Walijaliwa mabinti wawili, na shemeji alitutangulia mwaka 2016.

Februari 2023 moyo wa dada ulianza kushindwa. Siku ya kliniki alitembea kifua mbele, akimtania daktari, akiambiwa anaendelea vizuri, na Jumapili tulimkuta amejipaka poda, ameketi wima, anatukemea kwa kuchelewa, tukarudi makwetu tukisema dada ni chuma. Jirani yake, fundi cherehani, alitwambia kwamba tukishaondoka dada hushika ukuta kutoka mlangoni hadi kitini, tukasema huyo mama ana maneno. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini huyu alijua fika, miaka yote aliwapigia watu kelele wasidanganywe na siku ya kupimwa, halafu akatufanyia sisi yaleyale, inaniuma, inaniudhi, na sina wa kugombana naye. Alifariki nyumbani Alhamisi, tarehe 9 Mei 2024, siku ambayo hakutarajia mgeni.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa maabara, waliotuambia asubuhi hii kwamba kamera itafungwa wiki ijayo, tumesikia, na zaidi ya wote fundi cherehani, aliyemwona dada jinsi alivyokuwa, mama, tuwie radhi.

Dada, hakuna anayekupima tena, usikae wima kwa ajili yetu. Pumzika kwa amani.