Pumzi ya Salvatory na Kuku Wangu Mwekundu

Mheshimiwa Diwani, Baba Paroko, Ndugu Ponsiano kiongozi wa bendi yetu ya matarumbeta, wazee wangu, ndugu wageni waalikwa mliotoka Kiberege na hata Uchindile, nanyi majirani wa Viwanja Sitini ambao hamkualikwa ila harufu ya pilau imewaalika: Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu zangu Waislamu, salaam aleikum. Wakubwa wote, shikamooni.

Mimi ni Domitila, mjane wa Salvatory, mpiga tarumbeta kubwa la besi. Shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo nikikosea mnisamehe, na nikipatia mjue nimechukua kwa marehemu. Nimesimama kulikabidhi tarumbeta lake kwa bendi, jambo ambalo Ndugu Ponsiano ameliomba tangu tulipotoka makaburini, na kwa upole wake alingoja kwanza watu wanawe mikono.

Mnamkumbuka Salvatory. Siku za kazi alitengeneza baiskeli njia panda, chini ya kibao alichokiandika mwenyewe: JAZA UPEPO HAPA. Jumapili alijaza upepo kwenye shaba. Mtu anayeishi na upepo kiasi hicho, angeachaje kuuwaza? Alimshika mteja kwa maneno hadi tairi likakaribia kupasuka. "Sikia, bwana. Pumua, pumzi, pumzika: ukoo mmoja. Anayepumzika anairudisha pumzi yake tu. Kwa hiyo mke wangu akinikuta nimelala mchana, asiseme mvivu. Nipo kazini."

Jirani yetu, maalimu wa madrasa, akamwongezea kuni. Akamwambia kwamba kwa Kiarabu roho na upepo ni maneno ya shina moja, na nafsi na pumzi vivyo hivyo. Hata hii nafasi tunayoigombania kwenye basi, asili yake ni pumzi. Salvatory hakulala. Asubuhi akaenda kwa Baba Paroko, huyuhuyu hapa anayejifanya kufuta miwani.

"Baba, nimegundua. Upepo, pepo na Peponi ni ndugu."

"Salvatory! Mapepo na Peponi wazaliwe nyumba moja?"

"Baba, hata kwetu nyumba moja imetoa katekista na mwizi wa baiskeli."

Katekista yuko hapa, namwona. Ndugu yake sijamwona, ila mziangalie baiskeli zenu.

Kila wimbo ulipokwisha, Salvatory aliligeuza tarumbeta akamwaga matone. Watoto wakipiga kelele, "Mate! Mate!", aliwaambia, "Siyo mate hayo. Ni pumzi iliyochoka." Mara ya mwisho alipiga harusini Kiberege. Alirudi amechoka, akaliweka chini bila kumwaga. "Nitamwaga kesho, Mama Luciana." Kesho yake hakuamka.

Sasa niambieni, ningelitoaje? Nililaza tarumbeta chumbani, nikaliziba mdomo kwa kanga yangu, ili alichokiacha humo kisitoke. Ponsiano akaja. "Shemeji, tunapiga bila besi, watu wanauliza kama tumekuja na filimbi." Nikamwambia apitie wiki ijayo.

Wiki iliyofuata kuku wangu mwekundu alikuwa ameiona kanga ile, akaipenda, akaingia mdomoni mwa tarumbeta na kutaga. Ponsiano alipoinama alidonolewa pua.

"Shemeji, hili tarumbeta ni la kanisa au la kuku?"

"Shemeji, anaatamia. Utamfukuza mama mzazi?"

Jamani, nilifurahi! Vifaranga wakatoka, kuku wa pili akaiga, na Ponsiano akaacha kuuliza habari za tarumbeta. Alikuwa anaulizia mayai.

Vifaranga wa pili walipotoka, nikaitoa kanga niifue. Nikalitazama lile tarumbeta, nikaligeuza kama alivyofanya yeye. Halikutoa hata tone. Matone yalikuwa yamekauka zamani, bila kuniaga. Nikakaa sakafuni. Kisha nikaweka midomo pale alipokuwa akiweka yeye, nikapuliza. Yakatoka manyoya, yakatoka maganda ya mayai, halafu ikatoka sauti moja nene, ileile ya Salvatory akikoroma. Binti yetu Luciana akaita kutoka jikoni, "Mama, nani amelala huko?"

Tulicheka, tukalia, wali ukaungua.

Ndugu zangu, nilidhani nikiliziba nitambakisha. Mwaka mzima sikumsikia. Nilipolizibua, nikamsikia.

Ndiyo maana nimekuja. Ndugu Ponsiano amemchagua Mbuke, binti wa Kisukuma anayetuuzia maziwa. Nimesikia wapo wanaume wanaonong'ona: mwanamke na dude lile? Wanaume hao walilijaribu Jumamosi iliyopita, mmoja baada ya mwingine, mashavu yamevimba, na sauti iliyosikika haikutokea kwenye tarumbeta. Baba Paroko, nisamehe, lakini nawe ulikuwepo.

Mbuke mwanangu, njoo ulipokee. Limesafishwa, ila ukikutana na unyoya, ndiyo kodi ya kuku. Nina ombi moja tu. Kila wimbo ukiisha, ligeuze, mwaga matone, na watoto wakipiga kelele, unajua la kuwajibu.

Nawashukuru wote kwa masikio mliyonipa. Mwenye mtoto mchanga amzibe yake. Mbuke, jaza upepo.