Huyu Kaka Katoka Wapi?

Mgeni rasmi, Mkuu wetu wa Kitivo, unaposoma kitabu, nyuso za watu waliomo huzitoa wapi?

Fundi wetu wa cherehani, bibi mwenye wajukuu, aliulizwa swali hilo siku ya kwanza ya somo. Hakufikiri mara mbili. "Mama mkwe wa kitabuni nimempa uso wa wifi yangu," alisema, "na kusema kweli umemkaa." Darasa zima likaangua kicheko. Ilipowashwa filamu, mama mkwe akatokea mwembamba, ana mwanya, tena mcheshi. Fundi akakunja mikono. "Huyu simjui."

Karibu

Karibu ghorofa ya pili, na pole kwa ngazi. Tumekuwekea kiti chenye mgongo mzima. Sisi ni majirani wa chuo tulioruhusiwa kukaa benchi za nyuma katika somo la riwaya zilizogeuzwa filamu: fundi, kinyozi, mama muuza matunda, karani mstaafu na wenzetu wengine. Wanafunzi hutuita Wasikilizaji. Tunajua kwamba viti vyetu vya muhula ujao viko mikononi mwako, nawe umekuja kuona kama vina faida. Basi tutasema yote, ya kusifiwa na ya kuchekwa.

Tulivyoanza

Wasikilizaji tuna nakala moja tu ya riwaya. Fundi aliifumua mshono kwa wembe, akaigawa vifungu, kila kifungu akakitia uzi, tukawa tunapokezana nyumba kwa nyumba. Lakini kifungu kimoja cha katikati kilifika kwa kinyozi, wateja wake wakanogewa nacho, kikakaa hukohuko. Nasi hatukujua kama kuna pengo. Hakuna aliyetazama namba za kurasa, na hadithi ilisimama vizuri tu.

Siku ya filamu kinyozi hakuja, alikuwa na vichwa vya maharusi. Katikati ya filamu mlango ukagongwa, akaingia kaka wa bibi harusi, anafoka. Fundi akasimama.

"Huyu kaka katoka wapi?"

"Wamemzua!" tukadakia.

"Mwalimu, hawa watu wa filamu waongo. Kitabu hakina kaka."

Mwanafunzi mmoja wa mbele akageuka, kitabu mkononi. "Bibi, kaka yupo. Ana sura yake nzima."

"Sura ipi hiyo?"

"Hii hapa."

Fundi akaisoma kwa kusimama, miwani imemshuka puani, sisi tumemrundikania begani. Alipomaliza alisema polepole, "Kinyozi leo atanitambua."

Watu walicheka mpaka machozi. Mhadhiri wetu, dada mpole wa sauti ya chini, hakucheka. Aliuliza, "Mmesoma bila kaka na hadithi imesimama. Ilisimama juu ya nini?" Swali hilo halijatutoka mpaka leo. Tumelijadili sokoni, tumelijadili kwenye foleni ya maji, na jibu tunalo nusu tu.

Tulichovuna

Tumejifunza kuuliza kwanza na kulaumu baadaye. Kitabuni, mwana anapohama, mama mkwe analia kurasa mbili. Kwenye filamu anakunja shati la mwanawe, analikunjua, analikunja tena, basi.

"Kilio changu kiko wapi?" fundi alilalamika. "Hapa tumepunjwa."

"Bibi," akasema yule mwanafunzi, "si ndicho hicho anachokikunja?"

Siku hizi mteja akimletea fundi nguo ya marehemu ipunguzwe, humtazama mikono kabla ya kushika futi. Kinyozi naye anadai watu wake hulia kwa shingo. Bado tunabishana.

Yanayotukwaza

Pazia la dirisha la kona ni fupi, jua humpiga mhusika usoni tukabaki kumsikia tu. Spika moja inakoroma kama babu. Na kuna hili la tatu, ambalo hatujui tuliite nini. Siku ile ya kaka, fundi alimwuliza mhadhiri, "Kosa kama lile kwenye mtihani lingenikata alama ngapi?"

"Mama, wewe hukatwi kitu," mhadhiri akamjibu kwa upole. "Wasikilizaji hawafanyi mtihani."

Wengi wetu tulishusha pumzi. Fundi alifunika kalamu yake, akaifunua, akaifunika tena.

Tunayoomba

Viti vyetu vibaki. Tupatiwe nakala ya pili ya riwaya, nayo tunaahidi haitaguswa na wembe. Kuhusu pazia, tupe kitambaa, kushona tutashona wenyewe.

Mungu akujalie afya, akulinde safarini na nyumbani, na kila kitabu utakachofungua akukutanishe humo na mtu wa kuzungumza naye.

Ni sisi,
Wasikilizaji wa Benchi za Nyuma,
Somo la Riwaya na Filamu.

Nyongeza

Mgeni rasmi, utuwie radhi kwa kuandika chini ya jina letu. Tulipomsomea fundi risala hii tulidhani atasahihisha vipimo vya pazia. Alisikiliza hadi mwisho, akasema ni nzuri, akavaa viatu. Alipofika mlangoni akarudi.

"Mmeomba vitu vya chumba," alisema. "Niandikieni na changu. Nataka kufanya mtihani. Uleule wa watoto wa mbele, usahihishwe kwa kalamu nyekundu, na nikikosea nikatwe."