Ukoo wa Kufa Vizuri

"Mtoto wa nyoka ni nyoka," msusi alimwambia mshonaji aliyeketi naye kwenye treni. "Babu mwigizaji, baba mwigizaji, yeye angekuwa nani, fundi bomba?"

Kwenye kiti cha nyuma yao, binti aliyekuwa akisemwa alivuta mtandio hadi puani. Filamu yake ya kwanza ilikuwa imetoka juzi, na alikuwa hajasikia bado neno la mtu asiye ndugu kuihusu.

"Mwenzangu, ukoo ule kazi yao kufa," mshonaji akajibu. "Babu alikufa kila filamu, baba hafiki hata nusu ya filamu. Huyu amekataa kufa. Anachekesha."

"Kabebwa na baba yake."

"Na mbavu zangu, zimevunjwa na baba yake?" Mshonaji akasimama, akamwiga yule bibi harusi wa kwenye filamu aliyenasa mguu kwenye ndoo, akachechemea kwa madaha huku akiwaamkia wakwe.

Msusi alibana midomo, ikamshinda, akacheka hadi machozi. Binti naye alicheka chini ya mtandio. Kwa mazoezi ya mwendo ule, mama yake alikosa ndoo ya kudekia mwezi mzima.

"Nimecheka, sijakubali," msusi akasema. "Damu ni damu."

Treni ikasimama. Binti akapita mbele yao akichechemea kwa madaha, akawaamkia kama wakwe, akashuka.