Trekta la Matairi Matatu

Haya ninayoyaandika sikuhadithiwa na mtu. Nilikuwapo tangu kikombe cha kwanza mpaka muuza kahawa anamwaga majivu, nimekaa mwisho wa benchi upande wa ukuta, mahali pa mtu mwenye heshima zake. Kijiwe chetu kiko Kiwalani, nje ya karakana ya Didas fundi bati: ubao mmoja mrefu juu ya ringi mbili za lori. Ndege ikipita kwenda kutua tunanyamaza, ikishapita tunaendelea na neno lile lile tuliloliacha katikati. Ijumaa ile mada ilikuwa trekta. Si la kulima. La kuweka kabatini, refu kama kiatu cha mtu mzima.

Mwenye matrekta ni Hilal, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale kona. Wenzake wa rika lake wanafuga njiwa, yeye anakusanya matrekta ya kizamani yaliyotengenezwa kwa mkono. Anayo kumi na moja, yamepangwa juu ya shelfu la misumari, na mteja akigusa moja anauziwa misumari kwa sauti kali. Yote ni kazi ya Didas. Bodi ni mkebe wa mafuta ya kula, ekseli ni spoku ya baiskeli, tairi ni kandambili, bomba la moshi ni kipande cha antena ya redio. Kipimo chao ni kimoja: futi moja ya trekta la kweli ni upana wa gumba moja la Didas. Didas akiumwa kidole, kazi inasimama.

Basi Hilal alikuja na kanzu yake ya msikitini, kashika la kumi na mbili limefungwa kwenye gazeti. Tulikuwapo wanne. Didas mwenyewe, mtu wa Karagwe, maneno yake ya kuhesabu. Brightson, tunamwita Injinia, anatengeneza bodaboda na hajawahi kukiri kwamba kuna mashine asiyoijua. Praygod, karani mstaafu, tunamwita Hansadi kwa sababu kila anachosema anataka kiandikwe. Na mie, wananiita Redio, sababu siijui.

Hilal akalifungua gazeti, akaliweka trekta kwenye ubao. Akalizunguka. Akalizunguka tena.

— Didas, hili lina matairi matatu.

— Ndiyo, braza.

— Trekta lina matairi manne.

— La kwenye picha lina matatu. Ulinipa picha, nimefanya picha.

Hilal akatoa waleti. Ndani yake mna picha ndogo isiyo na rangi: baba yake kule Dumila, mwaka sitini na nane, kavaa kanzu na koti, mkono juu ya boneti ya trekta lake. Akaisogeza karibu na pua. Pale nyuma kulia palipotakiwa tairi kubwa, palikuwa na mawe matatu yamepandana, yamebeba ekseli. Na Didas alikuwa ameyaweka hayo mawe pia, matatu, kila moja kama punje ya harage.

— Miaka thelathini naibeba hii picha, Hilal akasema. Sijawahi kuhesabu matairi.

— Mtu anamuangaliaga baba yake, akasema Hansadi. Hahesabu matairi.

Hilal akakaa. Akaagiza kahawa, hakuinywa.

— Nyie hamjui ishu iliyopo. Dada yangu Khulud anakuja leo kutoka Tanga. Yuko njiani, saa kumi anashuka hapa. Macho yake yameisha, anaona mwanga tu. Na aliyelijua trekta la baba, ukoo mzima, amebaki yeye. Mie nimezaliwa limeshaondoka. Haya kumi na moja yote yalikuwa mazoezi. Nataka alishike hili, alijue kwa mikono. Akiniambia siyo, hakuna mwingine wa kumuuliza.

Hapo kijiwe kikawa kimepata kazi.

Injinia akalinyanyua trekta, akalitazama chini kama mtu anayetafuta mahali oili inapovuja.

— Hili halina kosa. Kulikuwa na matrekta yanatoka kiwandani na matairi matatu. Kama bajaji.

— Bajaji tairi lake moja liko mbele, tena katikati, akasema Hansadi. Hapa limekosekana la nyuma kulia.

— Lilikuwa toleo la mwanzo.

— Na mawe nayo yalitoka kiwandani?

— Mawe unajinunulia mwenyewe.

Hansadi akakohoa, dalili kwamba sasa tuandike.

— Naomba iingie kwenye kumbukumbu. Tairi la nyuma la trekta linamfika mtu kifuani. Marehemu, kwa picha hii, hakuwa mrefu. Tairi lilitolewa ili aonekane.

— Si angesimama upande wa pili?

— Upande wa pili kulikuwa na jua.

Mie nilikuwa nimevumilia vya kutosha. Nikaweka kikombe chini.

— Jamani, mnahangaika bure. Dumila naijua kama kiganja changu. Tairi lile liliazimwa na jirani. Nililiona kwake.

— Redio, wewe umezaliwa lini?

— Sabini na tatu.

— Picha ya sitini na nane.

— Lilichelewa kurudishwa.

Ndege ikapita. Ilipokwisha pita Injinia alikuwa ameshaichukua ile picha, ameiinamisha kwenye mwanga, na macho yake yamebadilika.

— Oya, subirini. Picha imepigwa kutokea juu kidogo. Mnaona kofia ya mzee kwa juu? Sasa niambieni, mpiga picha alisimama juu ya nini? Dumila wakati ule kuna ghorofa?

— Hakuna.

— Kuna ngazi?

— Sidhani.

— Kasimama juu ya tairi.

Benchi zima likainamia ile picha. Hansadi akaipokea picha, akaitazama muda mrefu, akairudisha kwa mikono miwili.

— Hilo lina mantiki, akasema.

— Na akishapiga picha, kwa nini asilirudishe? Hilal akauliza.

Injinia hakuwa amefika huko. Hansadi akamsaidia. Alisema kuna wakati trekta zima lilikuwa linaazimwa na kila mwenye shamba, na lenye matairi matatu linasalimika. Kwa hiyo mzee alilificha tairi chumbani. Nikamuuliza mkewe alilala wapi. Akasema upande wa pili wa tairi. Nikamuuliza kama walikuwa wanaonana. Akasema watu wa zamani walikuwa wanaheshimiana.

— Mie nimefanya picha, akasema Didas.

Hakuna aliyemsikiliza. Hilal alikuwa anatazama saa. Ilikuwa imebaki nusu saa.

— Baba alituambia hivi, na aliirudia mpaka anakufa: trekta lile halikusimama hata siku moja. Hata siku moja! Sasa mie nimpe dada trekta lililopandishwa juu ya mawe? Atasema nimemtukana baba yake.

— Kikao kiamue, akasema Hansadi. Wanaotaka tairi la nne wanyooshe mikono.

Tukanyoosha watatu, na Hilal wa nne. Didas alikuwa kashika kikombe, hatukumhesabu.

Hilal akaenda dukani mbio, kanzu kaishika mkononi, akarudi na trekta lake la saba, Fodi la buluu, lile ambalo hata mkewe haruhusiwi kulifuta vumbi. Akaling'oa tairi la nyuma kulia yeye mwenyewe, uso kaugeuzia pembeni kama mtu anayechomwa sindano. Matairi makubwa yote Didas anayakata kwa mdomo wa mkebe mmoja, kwa hiyo lilikuwa saizi ile ile. Injinia akachukua bisibisi, akabandua yale mawe matatu, akayarusha nyuma ya bega bila kuangalia. Nyuma ya bega lake kulikuwa na lundo la kokoto za jirani anayejenga.

Tairi likaingia. Trekta likakaa sawa kwenye ubao, miguu minne, safi kabisa. Tukalisifu.

— Sasa una matrekta mawili mabovu, Didas akamwambia Hilal.

Bajaji ikasimama. Akashuka mama mmoja mwembamba, baibui jeusi, kikapu cha ukindu, mkono mmoja mbele yake unapapasa hewa. Hilal akaukimbilia ule mkono.

— Shikamoo, dada.

— Marahaba. Umenenepa. Naisikia sauti yako inatokea mbali.

Sie wote tukasimama, shikamoo zikapishana, akaziitikia moja moja na hakukosa hata moja. Tukampa mahali pangu, kwa sababu pana ukuta wa kuegemea. Hilal alikuwa ameandaa maneno, niliyaona mdomoni, yakamponyoka. Akaliweka trekta mapajani mwake.

— Dada, shika hiki. Niambie ni nini.

Bi Khulud akaanza mbele. Akapapasa boneti. Akafika kwenye bomba la moshi, akalipanda kwa vidole viwili mpaka juu. Akaukuta usukani. Akakikuta kiti, kile cha bati chenye matundu, akaingiza kidole kwenye tundu moja, akatabasamu, na Hilal akanibana mkono mpaka alama yake nimekaa nayo siku mbili. Mama akashuka kwenye matairi. La mbele, la mbele. La nyuma kushoto. Mkono wa kulia ukazunguka nyuma, ukalikuta lile la Fodi, ukasimama.

Akapapasa chini yake. Akapapasa tena. Lile tabasamu likaondoka taratibu.

— Mawe yako wapi?

Injinia aliangalia bisibisi. Hansadi hakutaka chochote kiandikwe. Mie, ambaye Mungu kanipa mdomo, nilikunywa kahawa kwenye kikombe kisicho na kahawa.

— Hilal. Mawe yako wapi?

— Mawe gani, dada?

— Ya huku kulia. Matatu, yamepandana. Hili la kwetu, nimekijua kiti. Mbona huku mmeweka tairi?

Hilal akapiga magoti mbele yake.

— Dada, baba alisema halikusimama hata siku moja.

— Litasimama vipi tena, na lilikuwa limesimama? Tangu nina akili zangu lilikuwa pale uani juu ya mawe, mpaka lilipokuja kubebwa.

— Na hii picha? Kavaa koti, kavaa kofia...

— Naikumbuka. Mama ndiye aliyeipiga pasi ile kanzu. Baba alisema apigwe picha siku ile ile, maana tairi linafika Jumatatu na akianza kulima hatapata nafasi.

— Jumatatu gani?

— Hakusema.

Didas alikuwa wa kwanza kuondoka benchini. Hakumlaumu mtu. Alikwenda kwenye lile lundo, akainama, akaanza kupekua. Kokoto za jirani ni za kijivu na zina pembe, na mawe ya Didas yalikuwa ya mtoni, ya kahawia, laini, aliyachagua kwa jioni mbili nzima. Tukamfuata. Watu wazima watano, magoti chini, mchana kweupe, Hansadi katandika leso chini ya goti moja, na wapita njia wanatuuliza tumepoteza nini. Injinia akawajibu mawe. Wakatuangalia, wakaangalia kokoto, wakaenda zao.

Yakapatikana yote matatu.

Didas akalichomoa lile tairi, akamrudishia Hilal. Akayapanga mawe kwa gundi, la chini, la kati, la juu, akapuliza mpaka yakashika. Trekta likarudi mapajani. Bi Khulud akapeleka mkono wake kulia moja kwa moja, kama mtu anayefungua mlango wa kwao gizani. Akaligusa la juu. Akaligusa la kati. Kwenye la chini gumba lake likakaa, likakaa, mpaka nikaanza kutokwa na jasho, sijui kwa nini. Halafu akapitisha kidole nyuma ya mawe, chini ya ekseli, kwenye ile nafasi ndogo.

— Hapa, akasema. Hapa ndipo kuku wetu mweupe alikuwa anataga. Nilikuwa naingiza mkono, baba ananipigia kelele, angalia nyoka wewe! Na yeye mwenyewe kajikalia kitini juu, kashika usukani, anakunywa chai.

— Anakunywa chai juu ya trekta?

— Kila asubuhi. Alikuwa anasema anakwenda shamba.

Hilal akakaa chini, kwenye vumbi, na kanzu yake nyeupe ile, akaweka mgongo kwenye miguu ya dada yake. Akaanza kumuuliza. Rangi yake ilikuwaje. Kikombe kilikuwa cha bati au cha udongo. Alikuwa anawasha injini au anakaa tu. Bi Khulud alikuwa anajibu, kidole bado kiko kule chini kwa kuku. Muuza kahawa akasema kahawa imeisha, akakusanya vikombe vyake, akamwaga majivu. Hakuna aliyeinuka.

Yote niliyoyaeleza ndivyo yalivyokuwa, na Didas yupo, kamuulizeni, ingawa hatawajibu. Nimetia kitu kimoja tu cha kwangu. Mawe yaliyopatikana yalikuwa mawili. Nilipoona jua linashuka na mama wa watu bado amekaa, mikono wazi mapajani, niliokota kokoto moja iliyokuwa karibu na goti langu, nikaisugua kwenye ringi ya benchi mpaka pembe zikaisha, nikampa Didas bila kumtazama usoni. Akaigeuza mara moja kwenye gumba lake. Akaiweka chini kabisa.