Mwiko wa siku moja

Jémima alijifanya anatazama nje ya dirisha la basi, masikio yote yakiwa kiti cha nyuma. Huko mama mmoja alikuwa amembana mlinzi wa benki ya chakula, shirika linalogawia maskini chakula. "Banki yenu ilianza na sufuria moja na mwiko yangu! Nilibapatiaka kwa siku moja tu!"

"Mama, leo tuko na madepo ine ya kuweka chakula, mpaka kule mbali Musumba," akajibu mlinzi, kama yeye ndiye aliyeyajenga.

"Na mwiko?"

"Mukubwa wetu aliiweka mu kabati ya kiyoo, ku biro yake. Bageni banaipigaka foto."

"Na mi, miaka munane, nasongaka bukari ya unga na kijiko ya supu!"

Basi likasimama mbele ya depo lenye ofisi hiyo. Mlinzi akashuka mbiombio. Mama akakaza kitenge, akamfuata. Kituo cha Jémima kilikuwa mbali bado, lakini naye akashuka.