Nepi Ambayo Mama Phelesia Hakuifua

Phelesia Nyasuguta Osoro alizaliwa Kitutu, Kisii, mwaka 1911, mtoto wa tatu wa mzee Machuki. Alisoma shule ya misheni ya Waadventista hadi darasa la tatu, akatoka akijua kusoma Biblia, kushona na kufua. Katika kufua hakuwa na mpinzani.

Tarehe 9 Agosti 1931 alifunga ndoa na Cephas Osoro. Mwaka 1937 walihamia Migori, wakauza sabuni sokoni kwa miaka thelathini. Mteja aliyekuja na kola chafu aliuziwa sabuni na kuongezewa mahubiri. Sisi wanawe tulisuguliwa visigino mpaka tukalia.

Usafi huo uliwahi kumwumiza. Binti yake wa kwanza, Nyamoita, aliyezaliwa mwaka 1932, alikuwa na macho ya manjano. Kama mama yeyote wa kwetu, alimwogesha mtoto na kufua vitambaa vyote kabla ya kwenda zahanati, ili asiaibike. Alipoulizwa rangi ya choo, alijibu kwamba mtoto wake ni msafi. Nyamoita alifariki akiwa na miezi saba, na mama hakujisamehe.

Machi 1964 alikuja Homa Bay kumwona mjukuu wake Pamela, aliyekuwa na wiki sita, mtoto wangu mimi Walter. Mtoto alikuwa wa manjano, na choo chake kilikuwa cheupe kama udongo wa kusiribia nyumba. Mke wangu Gesare alikuwa ameshika karai.

“Gesare, wacha hiyo nepi,” mama alisema. “Usitie maji.”

Akaifunga kwa jani la mgomba na kuiweka juu ya meza ya daktari wa misheni. Gesare alitamani ardhi immeze.

“Mama, umeniletea nini?” daktari akauliza.

“Daktari, ile ya kwanza nilifua. Hii sifui.”

Daktari alielewa mara moja: nyongo ndiyo hukipa choo rangi, na njia ya kuipitisha kutoka kwenye ini ilikuwa imeziba. Juma hilohilo Pamela alipelekwa Nairobi, akapasuliwa. Mpasuaji alituambia kwamba mshipa unaopeleka damu kwenye ini ulikuwa umeanza tu kubanwa. Tungechelewa miezi miwili, angelifunga tumbo bila kuweza kufanya lolote. Siku ya tano nepi ilikuwa na rangi ya kahawia. Mama aliishika mkononi akalia kwa furaha, na hakumficha mtu.

Hata hivyo tulionywa kwamba ini likikakamaa baadaye, damu itakwama, wengu utavimba, na mtoto anaweza kutapika damu. Kwa hiyo Pamela hupimwa kila Novemba, na kila Novemba mama hakulala vizuri.

Mwaka huu moyo wake mwenyewe ulichoka, miguu ikavimba. Jumatano tarehe 19 Novemba 1969 nilifika Migori kutoka Nairobi, alikopimwa Pamela, nikamwambia wengu wa mtoto haujavimba, damu inapita.

“Na choo chake?”

“Ni cha kawaida, mama.”

“Basi,” akasema, akaomba chai. Alifariki alfajiri ya Alhamisi. Tuna huzuni, lakini nakiri pia kwamba tumepata nafuu, kwa kuwa hakuondoka na hofu.

Ameacha mume, Cephas, wana, Walter na Fanuel, mkwe, Gesare, na mjukuu, Pamela, ambaye Januari anaanza shule, na ambaye ametoka nyumbani asubuhi hii kuja kumzika akiwa na tope kwenye gauni. Hatukumbadilisha.

Alale kwa amani mama yetu, alichokingoja alikisikia.