Milango Haikuwa Myembamba

Mheshimiwa mganga mkuu, waheshimiwa madaktari, mama mkwe wangu uliyejipatia kiti cha mbele kama kawaida yako, ndugu wageni waalikwa, na ninyi maseremala niliowaita bila kuwaeleza sababu: habari za asubuhi!

Leo tunamuaga mtaalamu wetu wa maabara, Mama Hadubini. Miaka miwili iliyopita alitafuta watu wa kujitolea, achunguze kama vinasaba vya seli zinazozeeka mapema vinahusiana na magonjwa ya macho. Mimi nikamshambulia kwenye safu yangu ya gazeti: “Mpiga ramli huyu, kabadilisha tunguri kwa mashine!” Kisha nikajitolea, ili nimuumbue. Mama mkwe akanifuata kushuhudia, naye akapimwa.

“Mwisho wa kila uzi wa vinasaba kuna kikinga,” Mama Hadubini akanieleza, “kama kile kiplastiki cha ncha ya kamba ya kiatu. Seli ikizeeka, kinafupika.”

Majibu yakatoka. Vikinga vya mama mkwe, mwenye miaka sabini na moja, virefu kuliko vyangu!

“Mmechanganya chupa!” nikafoka.

Akapima upya. Yaleyale. Mama mkwe alicheka mpaka akashika ukuta: “Basi kuanzia leo shikamoo naitoa mimi!”

Mimi sikucheka. “Nitapofuka?”

“Sijui, baba,” akajibu Mama Hadubini, “na kipimo hiki hakijui. Ila macho yenyewe yanapimika. Twende kwa daktari tumalize ubishi.”

Ilikuwa presha ya macho. Pembeni, jicho la kushoto lilikuwa limeshapoteza sehemu ya uoni ambayo hairudi tena. Ndugu zangu, mnakumbuka makala zangu tatu za kuwashutumu maseremala kwa kupunja upana wa milango? Mwaka mzima nilikuwa nagonga bega la kushoto kwenye fremu! Nani alikuwa mwembamba, mlango au akili yangu?

Je, vikinga vifupi ndivyo vilivyoniletea ugonjwa? Mama Hadubini hadi leo anasema hajui. Mimi nimeishi kwa kujua kila kitu, na kujua kwangu kungenipofusha. Kutojua kwake kumenibakizia macho ya kumtazama akistaafu.

Maseremala, nisameheni. Asubuhi hii nimetia dawa yangu ya matone, nimegeuza shingo kushoto, nimeingia humu bila kugonga kitu. Mlango mzuri sana, na mpana!

Mama Hadubini, shikamoo. Nanyi nyote, asanteni kwa kunisikiliza, hasa mliokaa kushoto kwangu, ambao nimewaamini bila kuwaona.